Mwacheni Mgonjwa Aongee na Daktari Wake

(Hotuba ya muuguzi wa afya ya akili kwa viongozi wa vikundi vya kujisaidia. Tumeichapa karibu kama alivyoitoa, pamoja na maswali mawili yaliyoulizwa mwishoni.)

  Nilipopigiwa simu niliambiwa nije niwafundishe dalili za ugonjwa wa akili. Mtanisamehe, leo nitaongea juu ya jambo lingine. Dalili mnazijua. Hakuna kijiji ambacho hakina kijana anayeongea peke yake njiani, au mama aliyejifungua akakataa kumwangalia mtoto wake, au mzee ambaye tangu mavuno yaliyopita hatoki nyumbani. Nyinyi ndio mnaowaona kabla yetu. Kile msichokiona ni yale yanayotokea ndani ya chumba cha kliniki mlango ukishafungwa, na hapo ndipo kazi yenu nzuri ya kuchanga nauli na kumbembeleza mgonjwa mara nyingi inapopotea bure.

Wacha niwaeleze jinsi inavyokuwa. Ni siku ya kliniki ya akili. Watu wamekaa kwenye mabenchi tangu saa kumi na mbili asubuhi. Mgonjwa anaitwa, anaingia. Nyuma yake anaingia mama yake, na shangazi, na mara nyingine mwenyekiti wa kikundi. Namuuliza yule kijana, "Habari yako? Umeshindaje tangu mwezi uliopita?" Kabla hajafungua mdomo, shangazi amejibu. "Sista, huyu haogi. Huyu anavuta sigara. Juzi ametupa sahani." Mama anaongeza, "Na hasikii mtu." Mwenyekiti naye anasema, "Sisi kama kikundi tumejaribu." Kijana anaangalia sakafu. Namwandikia dawa, anatoka. Watu wanne wameingia, watatu wameongea, na yule mwenye ugonjwa hajasema hata neno moja. Halafu mwezi ujao tunashangaa kwa nini dawa zimekutwa chini ya godoro.

Mtaniuliza, lakini sista, si kweli kwamba hajioni? Si ndiyo sababu tunamsemea? Kuna siku ni kweli, nitaifikia hiyo. Kwanza nataka mwelewe kazi yetu ilivyo.

Ukija na homa, tunakutoboa kidole, tunaangalia damu, tunaona vijidudu vya malaria. Ukikohoa, tunapima makohozi. Hata ungekuwa bubu tungejua unaumwa nini. Ugonjwa wa akili hauko hivyo. Tunapima damu, ndiyo, ili tuhakikishe kwamba si malaria iliyopanda kichwani au ugonjwa mwingine wa mwili. Lakini hakuna kipimo cha damu kinachoonyesha kwamba mtu anasikia sauti usiku. Hakuna picha inayoonyesha kwamba mama amekata tamaa. Njia ya kujua ni yeye aseme, na sisi tumwangalie anavyosema. Maneno ya mgonjwa ndiyo maabara yetu. Jamaa akimsemea, ni kama amejaza chupa ya mkojo kwa niaba yake.

Kuna daktari mmoja mzaliwa wa Hungary, Michael Balint, aliyekuwa akikutana na madaktari wa kawaida wa London katika miaka ya 1950, wakizungumza juu ya wagonjwa wao. Mwaka wa 1957 alitoa kitabu, na wazo lake kubwa lilikuwa hili: dawa inayotumika kuliko zote ni daktari mwenyewe. Jinsi anavyokaa, anavyosikiliza, anavyojibu. Na kama dawa yoyote, akitumiwa vibaya anadhuru. Mimi naliamini hilo kuliko mambo mengi niliyosoma chuoni.

Hapa kwetu tuna mfano mchungu wa kudhuru huko. Hospitali ya Mathari, ambayo leo ni hospitali ya kitaifa ya rufaa na mafunzo, ilianza mwaka wa 1910. Wakati wa ukoloni wagonjwa walitengwa kwa rangi, Wazungu upande wao, Wahindi upande wao, Waafrika upande wao. Kutoka 1938 hadi 1950 mkubwa wa hospitali hiyo alikuwa daktari wa serikali ya kikoloni, J. C. Carothers. Mwaka wa 1953 Shirika la Afya Duniani lilichapisha kitabu chake juu ya akili ya Mwafrika. Humo alimfananisha Mwafrika wa kawaida, mzima kabisa, na Mzungu aliyekatwa kwa upasuaji sehemu ya mbele ya ubongo. Mwaka uliofuata, 1954, serikali ya kikoloni ilitoa maandishi yake juu ya Mau Mau, akiutazama uasi ule zaidi kama shida iliyo ndani ya akili za watu kuliko shida ya mashamba yaliyochukuliwa. Miaka kumi na miwili alikaa na wagonjwa wetu, na hicho ndicho alichosikia!

Sisemi haya ili mwogope hospitali. Nasema kwa sababu wazee wengi bado wana ile hofu, na hofu hiyo haikutoka hewani. Babu aliyemwona ndugu yake akichukuliwa bila kuulizwa lolote alimsimulia mtoto wake, mtoto akamsimulia mjukuu. Ukisikia watoto wanatukanana "utapelekwa Mathari," ujue hapo pana historia.

Mwaka ule ule wa 1954, huko Abeokuta katika nchi ya Nigeria, daktari Mwafrika alianza kufanya tofauti kabisa. Huyu ni Thomas Adeoye Lambo. Badala ya kuwafungia watu wote ndani ya hospitali ya Aro, aliwapangia makao katika vijiji vya jirani, kila mgonjwa na jamaa yake mmoja. Mchana walikuja hospitalini kwa matibabu, jioni walirudi kijijini kupika na kuongea na watu. Hata waganga wa kienyeji aliwaita wamsaidie kuelewa lugha ambayo mgonjwa anautumia kueleza taabu yake. Alitaka kumsikia mtu kutoka mahali mtu huyo anapoishi. Nikiwaangalia nyinyi hapa, nafikiri Lambo angefurahi kuwa na vikundi kama hivi.

Sasa turudi kwa dawa zilizo chini ya godoro.

Watu husema mgonjwa wa akili anakataa dawa kwa sababu ni mkaidi au hajui kwamba ni mgonjwa. Wengine ndiyo. Lakini nikibaki na mgonjwa peke yake, tukazungumza taratibu, nasikia sababu ambazo wewe na mimi tungekataa dawa kwazo. Dawa za zamani za kutuliza akili, kama haloperidol na Largactil, pamoja na ile sindano ya kila mwezi, zinaweza kukaza shingo na taya. Zinatetemesha mikono, na mtu akishika kikombe cha chai watu wanacheka. Nyingine zinafanya miguu isitulie. Mtu anatembea huku na huku usiku kucha, na nyumbani wanasema wazimu umezidi, kumbe ni dawa. Mate yanamtoka. Analala mpaka saa nne na shamba linamngoja. Mwanamke anakosa siku zake, anadhani ana mimba, au maziwa yanamtoka na hana mtoto. Na mwanamume, jameni, wacha niseme wazi kwa sababu sisi ni watu wazima hapa, mwanamume anaweza kushindwa na kazi ya nyumbani kwa mke wake. Niambieni, ni mwanamume gani atasema hilo mbele ya mama yake, shangazi yake na mwenyekiti wa kikundi?

Hawezi. Kwa hiyo anasema, "Nameza, sista." Mimi nikiamini kwamba anameza na bado hapati nafuu, nitafanya nini? Nitaongeza dawa. Siku ile mama atakapomsimamia ameze kwelikweli, atameza kipimo kikubwa ambacho mwili wake haukuhitaji. Mnaona uwongo mdogo unavyotupeleka mbali?

Na karibu kila moja ya shida hizo ina njia ya kusaidiwa. Kwa kukaza na kutetemeka tunaweza kupunguza kipimo au kuongeza kidonge kingine kama Artane. Kwa usingizi tunaweza kusogeza dawa inywewe jioni. Tunaweza kubadilisha dawa kabisa. Lakini lazima niambiwe.

Kuna moja ambayo vitabuni hawaipi nafasi ya kutosha, na hapa kwetu ni kubwa. Baadhi ya dawa zinaleta njaa. Si njaa ya kawaida. Mtu anamaliza ugali wake, anaangalia sahani ya mtoto. Katika nyumba ambayo unga unapimwa kwa kikombe, mgonjwa anaona haya. Anajua akimeza atakula chakula cha wenzake. Anaacha dawa kwa sababu anawahurumia watu wa nyumbani. Halafu anaugua tena, na wale wale anaowahurumia wanamwita mkaidi. Kikundi kinachompelekea mgonjwa debe la mahindi kimetoa matibabu, hata kama hakuna aliyeandika hivyo kwenye kadi.

Tukiwa hapo kwa dawa, kuna mtindo ambao nataka tuuzungumzie bila kuoneana haya. Ni ule wa kusaga dawa na kuitia kwenye uji. Najua wengi mmefanya au mmeshauriwa mfanye. Mlifanya kwa upendo. Lakini fikirini kijana ambaye ugonjwa wake unamwambia kila siku kwamba watu wanataka kumwekea kitu kwenye chakula. Siku moja anaona unga mweupe chini ya kikombe. Basi! Ugonjwa umepata ushahidi. Tangu siku hiyo hali tena nyumbani, na akija kwangu haniamini, kwa sababu anajua dawa ile ilitoka mkononi mwangu. Kuna pia hatari ya mwili. Hujui amekunywa kiasi gani, amebakisha nusu au la, na dawa nyingine hazifai kusagwa.

Dada ya huo mtindo ni ule wa kumdanganya. "Twende mjini tukununulie viatu." Anavaa shati safi, anapanda matatu akiwa na furaha, na anajikuta kwenye lango la hospitali watu wanne wamemshika. Nilipokea wagonjwa wengi kwa njia hiyo. Wanapona, wanarudi nyumbani, wanafanya kazi. Lakini ukiwauliza baada ya miaka kumi wanakumbuka nini juu ya ugonjwa wao, sauti wamezisahau. Viatu hawajavisahau.

Sasa msidhani nimekuja kuwagombeza nyinyi peke yenu. Sisi wa hospitali tuna yetu, na yafaa mjue ili mtudai. Kwanza ni haraka. Wagonjwa ni wengi, wahudumu ni wachache, na mtu anaweza kupewa dakika chache tu baada ya kungoja saa sita. Hilo ni tatizo la serikali na kaunti, na litachukua muda. Lakini kuna mambo yasiyohitaji pesa. Mhudumu anayeandika bila kuinua macho. Anayeongea Kiingereza na mwenzake juu ya kichwa cha mgonjwa. Anayemuuliza mama, "Analala?" wakati mwenyewe amekaa pale pale na masikio yake mawili. Anayeita jina la ugonjwa kwa sauti pale kwenye foleni. Ukimchukulia mtu kama kiti, hatakuambia siri zake.

Sheria ya nchi yetu iko upande wenu hapa. Sheria ya Afya ya mwaka 2017 inasema mgonjwa aelezwe hali yake, aelezwe njia za matibabu zilizopo pamoja na faida na hatari zake, na pale inapowezekana aelezwe kwa lugha anayoielewa, kulingana na kiwango chake cha kusoma. Halafu Sheria ya Afya ya Akili, ile ya zamani ya 1989, ilifanyiwa marekebisho mwaka wa 2022. Marekebisho hayo yanatambua kwamba mgonjwa wa akili ana haki ya kushirikishwa katika kupanga matibabu yake, haki ya kuombwa idhini, na haki ya siri zake kutunzwa. Kwa hiyo ukimwambia daktari, "Tafadhali mweleze kwa Kiswahili dawa hii ni ya nini na itamfanya nini," hujamkosea heshima. Sema kwa upole, lakini sema. Na kama mhudumu anaomba pesa pembeni, au anamtaka mgonjwa kimapenzi, hilo halina mjadala hata kama mgonjwa alikubali. Wauguzi wana baraza lao, maafisa wa kliniki lao, na madaktari lao, na mabaraza hayo yanapokea malalamiko. Kikundi kinaweza kumsaidia mtu kuandika barua.

Juu ya siri, nyinyi mnajua maisha ya kijijini. Muuguzi wa zahanati ni jirani yenu. Huenda yuko kwenye kikundi chenu na mnachanga naye pesa za mzunguko. Mgonjwa anajiuliza, nikimwambia huyu, je, si jioni atamwambia mume wake? Mimi nina desturi yangu. Nikikutana na mgonjwa wangu sokoni, nangoja anisalimie kwanza. Akinisalimu, tunaongea juu ya bei ya nyanya. Siulizi juu ya dawa mbele ya watu. Wengine wamepita kama hawanijui, na mimi nimepita pia, na kliniki iliyofuata walikuja wakaongea kuliko siku zote.

Na kuna siri moja iliyo nzito kuliko zote. Mtu anayefikiria kujiua. Kwa miaka mingi kifungu cha 226 cha Sheria ya Adhabu kilisema kujaribu kujiua ni kosa, na mtu angeweza kufungwa. Mtu aliyenusurika angetoka wodini akakabidhiwa kwa polisi. Nani angemfungulia daktari moyo wake kwa hali hiyo? Watu walisema walikunywa dawa ya ng'ombe kwa bahati mbaya, na sisi tuliandika "bahati mbaya." Mwezi wa Januari 2025 Mahakama Kuu ya Nairobi iliamua kwamba kifungu hicho kinapingana na Katiba. Habari hiyo haijafika vijijini. Naomba iwe kwenye ajenda ya mikutano yenu. Mtu ajue kwamba akimwambia muuguzi, "Nimechoka kuishi," ataulizwa maswali kwa upole, atakaa na mtu, atatibiwa. Na wala msiogope kumuuliza mtu waziwazi. Kumuuliza hakumpandikizii wazo. Mara nyingi anashukuru kwamba hatimaye mtu ameuliza.

Wengi hawaanzi hata kwa kusema "nina huzuni." Wanasema kichwa kinagonga, moyo unadunda, mgongo unawaka, mwili hauna nguvu. Wanapewa Panadol, wanarudi wiki ijayo. Ukiwapa nafasi wakae, ndipo unasikia: "Nina mawazo mengi." Huko Zimbabwe Washona wana neno lao, kufungisisa, yaani kuwaza kupita kiasi. Daktari mmoja wa huko, Dixon Chibanda, alianza mwaka wa 2006 katika mtaa wa Mbare, Harare, kazi ambayo vikundi vyenu mngeipenda. Hakuwa na madaktari wa kutosha, hakuwa na vyumba. Alikuwa na nyanya, kina mama wazee waliokuwa wakihudumu katika afya ya jamii. Waliwekewa benchi nje ya kliniki, chini ya mti. Mtu anakaa na nyanya, anaeleza, na nyanya hampi amri. Anamuuliza, katika haya yote tuanze na lipi? Wanachagua tatizo moja, wanatafuta hatua moja, anarudi kueleza ilikuwaje.

Jambo hilo lilipimwa kwa makini katika kliniki 24 za Harare, kwa watu 573, na matokeo yakachapishwa mwaka wa 2016. Baada ya miezi sita, katika kila watu 100 waliopata huduma ya kawaida, kama 50 walikuwa bado na dalili za huzuni kubwa. Kwa waliokaa na nyanya kwenye benchi, walikuwa kama 14 tu. Nyanya hawakuwa na dawa mkobani. Na waliojulikana kuwa na hali nzito zaidi walipelekwa kwa wahudumu waliosomea. Huko nako ni kujua mpaka wa kazi yako, jambo ambalo sisi wenye vyeti wakati mwingine tunalisahau.

Mmenialika kupitia kanisa, kwa hiyo nitasema neno juu ya maombi pia. Mgonjwa wengi wanaoacha dawa ghafla huacha baada ya kuombewa. Nami pia naomba. Shida inakuja pale mgonjwa anapodhani lazima achague, na akichagua maombi anaogopa kutuambia, anatoweka. Kuacha dawa hizi kwa ghafla kunaweza kurudisha ugonjwa kwa nguvu. Mimi humwambia: "Endelea kuombewa, na ukitaka kupunguza dawa njoo tupunguze pamoja, polepole." Akijua sitamcheka, anarudi. Ningefurahi kama wachungaji na wazee wa kanisa wangemwambia maneno hayo hayo.

Basi, mfanye nini mnapompeleka mtu kliniki? Usiku uliotangulia, kaeni naye, mumuulize ni mambo gani anataka daktari ayajue. Mawili au matatu yanatosha. Yaandikwe kwenye karatasi kwa maneno yake, hata kama nyinyi mnaona si muhimu. Kama yeye anasema shida kubwa ni mate kumtoka na nyinyi mnaona shida ni kutooga, andikeni mate. Mkifika chumbani, mwambieni mhudumu, "Tungeomba aanze yeye peke yake, halafu mtuite." Muuguzi mzuri atashukuru. Mkiitwa, semeni mliyoyaona kwa macho, mbele yake, bila kumtia aibu: analala saa ngapi, anakula nini, amefanya kazi gani. Hata mema semeni. Ulizeni pia jina la mhudumu na siku anazokuwa zamu, mjaribu kurudi kwake yeye. Kumsimulia mtu mgeni maisha yako yote kila mwezi kunachosha.

Na vumilieni. Dawa za huzuni huchukua wiki mbili, tatu, hata nne kabla ya kuonyesha nafuu. Watu wengi hukata tamaa siku ya kumi, na hakuna aliyewaambia wangoje. Hiyo ni kazi yetu kusema, na yenu kukumbusha.

Maswali

Mama mmoja aliuliza: "Sista, umesema tusimdanganye. Lakini kama amekuwa mkali, amebeba panga, na hataki kwenda popote, tumwambie ukweli gani?"

Hapo usalama unatangulia, mama. Ondoeni watoto, ondoeni vitu vyenye makali kama mnaweza, tafuteni msaada wa chifu au polisi mjulishe kwamba ni mgonjwa na si mhalifu. Kuna siku mtu atashikwa bila kutaka kwake, na sheria inaruhusu apelekwe hospitali. Lakini hata akiwa ameshikwa anaweza kuambiwa ukweli. Mchagueni mtu mmoja tu anayempenda. Huyo akae karibu na kichwa chake, wengine wanyamaze. Amwambie: "Baba, tunakupeleka hospitali. Hujalala siku tano. Mimi nitakuwa nawe." Mnaweza kufikiri hasikii. Anasikia. Na akipata nafuu, mtu huyo huyo arudi akamweleze tena kilichotokea siku ile na kwa nini. Pia siku akiwa mzima, muulizeni: ukiugua tena, ungependa nani aje kukuchukua, na tusifanye nini? Yaandikeni, katibu aweke nakala kama yeye mwenyewe amekubali.

Mzee mmoja aliuliza: "Kikundi chetu tuna pesa kidogo sana za wagonjwa. Tununue dawa dukani, ama tulipe nauli?"

Lipeni nauli, mzee. Dawa ya dukani inunuliwe pale tu kliniki imeishiwa na mhudumu ameandika jina na kipimo chake. Pigeni simu siku moja kabla mjue kama dawa ipo na kama yule mhudumu anayemzoea yuko zamu. Nauli iwe ya watu wawili, mgonjwa na mmoja ambaye amemchagua yeye mwenyewe. Na iongezwe kidogo ya chai na mandazi, kwa sababu watakaa kwenye benchi mpaka mchana.